Risala Juu ya Kuwaonyesha Watoto Wadogo Senema na Televisheni Katika Saa za Darasa

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Aliyetutoa matumboni mwa mama zetu hali hatujui kitu, kisha akatupa masikio na macho na nyoyo. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, mwalimu wa walimu, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Imetufikia barua kutoka Bariadi, mji mkuu wa mkoa wa Simiyu, mkoa uliokatwa katika Shinyanga na Mwanza mwaka 2012. Mwenye barua ni ndugu yetu mtu wa pwani, aliyehamia huko kwa kazi ya kununua pamba. Watu wa namna yake wasomaji wetu wawajua, kwani tangu zamani za misafara watu wa mrima walikuwa wakipanda bara, na Wasukuma wakishuka Bagamoyo na mizigo mabegani, wala njia hiyo haikufungwa hata leo. Jina lake hatulitaji, wala hatuitaji shule aliyoitaja yeye, kwani muradi wetu ni kulitafuta lililo haki, si kumfedhehesha mtu.

Asema kwamba ana mtoto wa miaka minne, naye amemtia katika shule ya watoto wadogo iliyo karibu na nyumba yake. Siku moja, yapata saa nne ya asubuhi, alikwenda kulipa karo, akasikia tangu nje sauti ya ngoma na vicheko. Alipochungulia dirishani aliwaona watoto wamekaa mkekani, vinywa wazi, mbele ya televisheni iliyotundikwa ukutani, na katuni za Kiingereza zapita, mnyama huyu akimfukuza yule na yule akimfukuza huyu. Mwalimu alikuwa nyuma kabisa, ameinamia daftari. Hapana mtoto aliyegeuka kumtazama mgeni. Hata mwanawe mwenyewe hakugeuka. Akamwuliza mwalimu, «Hiki ni kipindi gani?» Naye akamjibu, «Baba, leo wametulia.»

Usiku ule, barazani baada ya sala ya Isha, aliwaeleza jirani zake. Mmoja akasema, picha ni haramu, mwondoe mwanao kesho. Wa pili akasema, hivyo ndivyo wasomavyo watoto wa wakubwa, nawe wampatia mwanao Kiingereza bila ya nyongeza ya karo, wataka nini tena? Wa tatu akasema, hao ni watoto, waache. Basi ndugu yetu atuuliza: ni yupi aliyesema kweli, na je, yafaa mtoto mdogo kuonyeshwa senema na televisheni katika saa ambayo baba yake ameilipia asomeshwe?

Tungaliweza kumjibu kwa waraka wake peke yake. Walakini tumeona tuyapige chapa majibu haya, kwani jambo hili si la Bariadi tu. Liko Tanga, liko Unguja, liko Mombasa, na yamkini liko katika nyumba ya msomaji wakati huu anaposoma.

Twaanza na yule wa kwanza. Suala la picha wanazuoni wamelisema sana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, alitunga risala kuonyesha kwamba picha itwaliwayo kwa kamera haimo katika yale yaliyokatazwa, kwa kuwa ni kivuli kilichozuiliwa, wala si umbo lililobuniwa na mkono wa mtu. Na wengine hawakumkubali, na hata leo wako wasiomkubali. Hatuna haja ya kuufufua ugomvi huo hapa, kwani hata tukimpa haki yule ndugu, hatakuwa amemjibu muulizaji. Tuseme televisheni imeondolewa ukutani, na watoto wamebaki wakiutazama ukuta mtupu mpaka saa sita, na mwalimu yu pale pale nyuma juu ya daftari zake. Je, hapo wamesomeshwa? Basi dhara haikuwa katika picha peke yake.

Tena mtu asidhani kwamba dini yetu haijui kufunza kwa kuonyesha. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Ibn Masud (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) aliwachorea sahaba zake mraba, na katikati yake mstari uliotokeza nje ya mraba, na vijistari vidogo kando yake, kisha akawaeleza kwamba mstari ni mwanadamu, na mraba ni ajali iliyomzunguka, na kipande kilichotokeza ni matumaini yake, na vile vidogo ni misiba impatayo, kikimkosa hiki humpata kile. Hiyo ni picha, na ni darasa. Wala kutazama mchezo hakukukatazwa kwa kuwa ni kutazama. Siku ya Idi Mahabushi walipocheza kwa mikuki msikitini, Bibi Aisha (R.A.) alisimama nyuma ya Mtume akiwatazama mpaka alipotosheka mwenyewe, na Mtume amemsitiri kwa nguo yake. Mtazame vizuri aliyesimama naye. Mtume hakumwacha pale akaenda zake.

Na huku kwetu kufunza kwa senema si jambo la jana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walifanya kazi ya kujaribu senema za mafunzo Vugiri, katika milima ya Usambara, wakazichukua kwa lori nchi baada ya nchi, wakiwaonyesha watu wazima usiku uwanjani mambo ya kilimo na maradhi. Televisheni ilifika Unguja mwaka 1973, kabla ya nchi nyingi za Afrika. Tanzania bara waliipata mwaka 1994. Kwa hiyo kitu chenyewe twakijua miaka mingi, nasi wazee wa leo ndio tuliokuwa watoto wa kwanza kukaa mbele yake. Lililo jipya ni kukileta ndani ya darasa la mtoto wa miaka minne, na kukiweka mahali pa mwalimu.

Hapa ndipo penye maneno yetu. Mwalimu ni nani? Watu wengi hujibu, mwalimu ni yule asemaye na wengine wakasikia. Lau hivyo ndivyo, televisheni ni mwalimu mkubwa kuliko wote, kwani husema mchana na usiku wala haikaukwi na koo. Walakini tukiyatazama mafunzo ya Mtume wetu twaona kinyume cha hayo. Mtu mmoja aliingia msikitini akasali sala ya haraka, kisha akaja kumwamkia Mtume. Mtume akamjibu salamu yake, akamwambia arudi akasali, kwani hakusali. Akarudi, akasali vile vile. Akarudishwa tena, mpaka mara ya tatu. Hata yule mtu alipokiri mwenyewe kwamba hajui ila hivyo, ndipo alipofunzwa rukuu na sijida na utulivu wake. Angalia, ndugu yangu: Mtume alimtazama mara tatu kabla ya kumsomesha mara moja. Na Umar mwana wa Abu Salama alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume, na mkono wake ulikuwa ukizunguka huku na huku sahanini. Mtume akauona ule mkono, akamfunza kumtaja Mungu, na kula kwa mkono wa kuume, na kula kilicho mbele yake. Lau Mtume hakuuona mkono, mtoto yule asingalifunzwa lolote siku ile.

Ualimu, basi, waanza katika sikio na jicho la mwalimu kabla ya ulimi wake. Wazee wetu wa pwani waliyajua haya hata bila ya kuyaandika. Sote tumekaa chuoni, mkekani, watoto thelathini wakisoma kwa sauti thelathini, kila mmoja na mahali pake, huyu yu katika alifu na yule yu katika Yasini. Na mgeni akipita njiani huona kelele tupu. Walakini mwalimu, naye akimwandikia mtoto ubao, au akisuka ukili, au akizungumza na mtu mlangoni, ghafula huinua uso, akamwita mtoto aliye pembeni kabisa kwa jina lake: «Rudia!» Kwani katika sauti zote zile sikio lake lilikuwa limeinasa herufi moja iliyokosewa. Chombo cha ukutani hakina sikio hilo. Mtoto akikosa, chaendelea, akilala, chaendelea, akilia, chaendelea, akitoka nje akaanguka kisimani, chaendelea kucheka.

Na kwa haki twasema haya si juu ya shule za serikali na za watu binafsi tu. Tumesikia, na mahali pengine tumeona kwa macho yetu, vyuo vya Kurani ambavyo mwalimu huwasha simu yenye sauti ya msomaji mashuhuri wa Misri au wa Makka, akaiweka juu ya marfaa, kisha akatoka kwenda dukani. Sauti ni tamu kweli kweli. Lakini Kurani yenyewe haikupokewa hivyo. Mtume aliipokea kwa Jibrili, na kila Ramadhani Jibrili alikuwa akija wakadurusiana, na mwaka wa mwisho walidurusiana mara mbili. Ikiwa Mtume na Jibrili walikaa wakasikilizana, mwanao na mwanangu ni nani hata wasisikilizwe? Mtoto akisema sini mahali pa thaa mbele ya simu, simu haimrudi, naye atakua na sini yake mpaka siku ya kusalisha watu.

Sasa twende kwa yule jirani wa pili, mwenye kusema kwamba mtoto atapata Kiingereza bure. Huyu amesema neno lenye uzito, wala hatumdharau, kwani Bariadi mtoto aingiapo shule mara nyingi lugha aliyonyonya ni Kisukuma. Kiswahili chenyewe ni mgeni kwake, na Kiingereza ni mgeni wa mgeni. Baba akiona lugha yatoka ukutani bila ya gharama, lazima apendezwe. Walakini lugha haiingii kama moshi uingiavyo katika nguo. Wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Seattle, Marekani, walitangaza mwaka 2003 jambo walilolijaribu kwa watoto wa miezi tisa waliozaliwa katika nyumba za Kiingereza. Kundi moja lilikaa na mtu anayezungumza nao Kichina, akicheza nao na kuwasomea vitabu. Kundi jingine likaonyeshwa watu wale wale na maneno yale yale katika televisheni, kwa muda ule ule. Waliokaa na mtu wakaweza kuzipambanua sauti za Kichina. Waliokaa na televisheni hawakupata kitu, wakawa sawasawa na wasiosikia Kichina kabisa. Tazama uajabu wa jambo hilo: sauti ni ile ile, na uso ni ule ule, lakini uso mmoja ulimtazama mtoto, na mmoja haukumtazama.

Hata hivyo hatutaki kuficha hoja ya upande wa pili, kwani kuficha elimu ni dhambi, hata ikiwa yatupinga. Watoto wale walikuwa wachanga. Kwa watoto wakubwa kidogo, wa miaka mitatu mpaka sita, kulifanywa jaribio hapa hapa kwetu, Morogoro, na matokeo yake yakapigwa chapa mwaka 2018. Watoto zaidi ya mia tano wa shule za awali walionyeshwa kwa muda wa majuma kadha, baadhi yao katuni za Kiswahili zilizotengenezwa Dar es Salaam kwa ajili ya watoto wa Afrika, ziitwazo Akili and Me, na baadhi yao vipindi vingine. Wale wa katuni za Kiswahili waliwazidi wenzao katika mambo ya hesabu na maumbo. Basi hatuwezi kusema kwamba mtoto hapati kitu kabisa katika televisheni. Twasema kwamba alichopata alikipata katika kitu kilichotungwa kwa ajili yake, kwa lugha aifahamuye, kwa kipimo, na watu wazima wakijua wanaonyesha nini na kwa nini. Katuni ya mnyama akimfukuza mnyama, kwa lugha asiyoijua mtoto wala pengine mwalimu, tangu saa tatu mpaka saa tano, haiwezi kuvaa joho la katuni ile.

Na kipimo chenyewe kimeandikwa. Shirika la Afya la Dunia lilitoa mwongozo mwaka 2019, likasema mtoto asiyetimiza mwaka asikalishwe mbele ya kioo kabisa, na wa mwaka mmoja vile vile. Na wa miaka miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku nzima, na ikipungua ni bora. Siku nzima, si asubuhi peke yake. Mtoto wa ndugu yetu akiimaliza saa yake shuleni, akirudi nyumbani akapewa simu ya mama yake ili mama apike, na usiku akakaa na baba yake kutazama mpira, hesabu yake hata mwenye duka asiyejua kuandika aweza kuifanya.

Imamu Ghazali, katika Ihya, amesema kwamba mtoto ni amana kwa wazazi wake na moyo wake ni johari safi isiyochorwa kitu. Kisha akausia kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike, kwani kumzuilia mchezo na kumbebesha masomo daima huufisha moyo wake. Angalia alivyopanga: chuo kina wakati wake, na mchezo una wakati wake, na mchezo aliousema ni wa mtoto kucheza mwenyewe kwa mwili wake. Yule jirani wa tatu aliyesema hao ni watoto, waache, angalikuwa na haki lau watoto wameachwa wakimbie uwanjani. Lakini mtoto aliyekaa kinywa wazi mkekani hakuachiwa acheze, wala hakusomeshwa. Amekosa yote mawili.

Kuhusu haki ya saa yenyewe, ndugu yetu ni mnunuzi wa pamba, basi na tumwambie kwa mizani yake. Yeye ajua kuliko sisi kwamba katika msimu wako wakulima watiao maji au mchanga katika robota ili uzito uzidi, na wako wanunuzi wanaoichezea mizani, na wote wawili Mwenyezi Mungu amewateremshia Sura nzima ya onyo, Sura ya wapunjao. Mwenye shule aliyepokea karo ya masomo ya asubuhi, akatoa saa moja ya masomo na saa mbili za katuni ili watoto wanyamaze, ametia mchanga katika robota. Na mafakihi wamesema kwamba aliyeajiriwa kwa wakati wake, wakati ule si wake tena. Haimfai kuutumia kwa jambo lake ila kwa idhini ya aliyemwajiri. Hapa hukumu yatuelekea kuwa ngumu juu ya yule mwalimu.

Walakini tuliiandika hukumu hiyo, kisha tukairudia barua, tukaona mstari mmoja tulioupita upesi mara ya kwanza. Ndugu yetu asema watoto wale walikuwa sabini na kitu, na mwalimu ni mmoja, mwanamke kijana, na daftari alizoziinamia zilikuwa za watoto wale wale. Kalamu yetu ikasita. Mwanamke mmoja ataweza vipi kuyasikia makosa ya watoto sabini? Aliposema «leo wametulia» huenda hakuwa akijisifu. Huenda alikuwa akipumua. Twajua kwamba tangu ada zilipoondolewa katika shule za serikali, mwaka 2016, watoto walimiminika madarasani, na hiyo ni kheri kubwa, kwani wengi wao wasingaliiona shule. Lakini walimu hawakumiminika kama wao. Na baadhi ya shule za watu binafsi zimeiga wingi ule zikachukua na karo. Basi dhambi ya saa ile tukiigawa, fungu la mwalimu si kubwa kama tulivyodhania. Fungu kubwa ni la mwenye shule aliyepokea watoto sabini kwa mwalimu mmoja. Na fungu lililosalia, enyi ndugu zetu wanaume, ni letu.

Kwani baba wa pwani, na baba wa Bariadi ni ndugu yake, humtia mtoto shuleni akiwa na miaka mitatu, kisha huuliza maswali mawili tu: karo kiasi gani, na gari lapita saa ngapi. Ndugu yetu mwenyewe aliingia shule ile kwa kuwa alikuwa na karo mkononi. Lau pamba ingalichelewa kuuzwa, asingalikwenda, wala asingaliona. Hatumlaumu yeye peke yake. Mimi niandikaye haya nina mjukuu ambaye nimempa simu mara nyingi ili nimalize kusoma, na niliposoma barua hii alikuwa nayo mkononi. Mtume (S.A.W.) ametwambia kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, na ataulizwa kwa alichokichunga, na mchunga huwa hapo malishoni pamoja na kundi.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu yetu alilitaja kwa maneno machache, nasi twaliona kubwa kuliko la katuni. Asema watoto wakubwa kidogo wa shule ya msingi hutoroka asubuhi, wakaingia vibanda umiza, vile vibanda vya mabati vilivyozibwa madirisha kwa magunia, wakatazama senema za vita na za uchafu, zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na mtu asemaye juu ya sauti za wenyewe, kwa sarafu ya mia au mia mbili. Hapa hapana haja ya kupima hoja. Nchi yenyewe ina sheria ya filamu tangu mwaka 1976, na ina sheria ya mtoto tangu mwaka 2009, na mwenye kibanda aijua saa ya darasa kama aijuavyo kengele ya shule iliyo jirani yake. Na uchungu wetu ni kwamba miongoni mwa wenye vibanda hivyo, huko bara na huku pwani, wamo watu wa dini yetu, wenye kukaa safu ya kwanza siku ya Ijumaa. Twamwambia mtu huyo bila ya kumzungukia: sarafu uliyoipokea kwa mtoto mwenye sare ya shule, saa tatu ya asubuhi, ni haramu. Si kwa ajili ya picha wala kwa ajili ya televisheni. Ni kwa kuwa umenunua saa ambayo si ya mtoto kuiuza. Baba yake alimpa saa ile aende shuleni, wala hakumpa aiuze. Nawe ukinunua ng'ombe kwa mtoto aliyetumwa kuchunga, watu wa Simiyu wajua utaitwa nani.

Basi twamjibu muulizaji. Televisheni ndani ya darasa la watoto wadogo haifai kuwekwa mahali pa mwalimu, wala kuwashwa ili watoto wanyamaze, wala kuonyesha kitu ambacho mwalimu hakukitazama kwanza yeye mwenyewe. Mtoto aliye chini ya miaka mitatu asiwekewe kabisa. Ama wale wakubwa wake, mwalimu akichagua kipande kifupi cha lugha waifahamuyo, akakaa nao mbele, akakisimamisha katikati akawauliza mmekiona nini, na huyu ana miguu mingapi, kisha akakizima wakakichora mchangani au wakakiigiza wenyewe, hicho ni chombo kama chaki, na hatuoni ubaya kwa chaki. Kwa haki ya mtoto maskini twazidi kusema: katika vijiji vya Itilima na Meatu wako watoto ambao nyumbani kwao hapana kioo cha namna yoyote, na kipande kizuri cha dakika kumi cha kuonyesha bahari, ambayo hawajapata kuiona, ni sadaka kwao. Sisi watu wa pwani tulioizoea bahari tusiwe wachoyo wa picha yake.

Asimwondoe mtoto kesho, kama alivyoshauriwa. Shule nyingine, kwa maelezo yake, ni ya mbali, na hana hakika kwamba huko hapana televisheni. Na aende kwa mwalimu baada ya watoto kutoka, si mbele yao, wala asiende peke yake. Awachukue baba wawili watatu, na Msukuma asiye Mwislamu awe miongoni mwao, kwani watoto wanaokaa mkeka mmoja baba zao wana neno moja. Wamwulize mwalimu kwanza, kabla ya kumwambia lolote, ni kitu gani kimlemeacho. Kisha waende kwa mwenye shule wakamtake mwalimu wa pili, na wamwambie wazi kwamba hawatalipa nyongeza ya televisheni lakini watalipa nyongeza ya mtu. Na karo ilipwe kwa wakati wake, isingoje mpaka soko la pamba lifungwe, kwani mwalimu asiyelipwa miezi miwili hana nguvu ya kusikia watoto sabini, wala watoto saba.

Mpaka mwalimu huyo apatikane, ndugu yetu asema katika barua yake kwamba asubuhi za Alhamisi hana kazi nyingi ghalani. Basi Alhamisi moja katika juma akakae mkekani pale, kwa idhini ya mwalimu na mbele ya macho yake, awasikilize watoto kumi tu wakihesabu, mmoja mmoja, na amwite kila mmoja kwa jina lake. Atuandikie akisha kufanya hivyo Alhamisi nne, atueleze watoto walifika ngapi katika kuhesabu, na kama mwanawe siku hizi hugeuka mtu aingiapo mlangoni. Barua yake, inshallah, tutaipiga chapa.